Mvinyo, Bia na Watu Wanaokunywa Lebo

Mara ya kwanza kualikwa kwenye chakula cha jioni cha kiofisi ambacho mezani kulikuwa na orodha ndefu ya mvinyo, niliagiza bia. Jirani yangu wa mkono wa kulia alitabasamu na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba bia ni ya kukatia kiu, ila mvinyo ni wa watu wanaojua wanachokunywa. Nikalifuta agizo langu papo hapo, nikaomba mvinyo mwekundu, na chupa ilipofunguliwa nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia akilini hunifanya niinamishe uso: nilikiokota kizibo kilichoachwa mezani, nikakipeleka puani, nikavuta pumzi ndefu, kisha nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Hakikuwa kizibo cha gome la mwaloni, kama vile nilivyowaona watu wakivinusa kwenye filamu. Kilikuwa kifuniko cha bati cha kuzungusha, na kilinuka bati.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeshusha sauti anapoagiza bia mbele ya wanywaji wa mvinyo, na pia kwa ajili ya yule anayemfanya aishushe, kwa sababu nimeketi katika viti vyote viwili. Madaha yale hayamo ndani ya chupa. Yamo katika hofu ya kuonekana mshamba, na mwenye hofu hiyo husoma lebo kwanza, kisha akaulazimisha ulimi wake ukubaliane nayo.

Dharau kwa bia ni ya kale. Julian, aliyetawala Dola ya Roma katika karne ya 4, alitunga shairi fupi la kuikejeli, akisema kwamba mungu wa mvinyo hunukia kinywaji cha miungu, ilhali huyu wa nafaka ananuka beberu. Ukiutazama vizuri mzaha huo utaona kwamba haukuhusu ladha hata kidogo. Mizabibu ilistawi kandokando ya Bahari ya Mediterania, na bia ilikuwa kinywaji cha watu wa kaskazini ambao Warumi waliwaita washenzi, kwa hiyo kumcheka mnywaji wa bia kulikuwa ni kumcheka jirani. Kwa upande wa kazi, zabibu iliyopondwa huwa na sukari yake tayari, na chachu huwa imejibandika kwenye ganda, hivyo ukiiacha tu kwenye chombo itaanza kuchachuka bila kuombwa. Shayiri haina upole huo: ni lazima ilowekwe hadi iote, ikaushwe iwe kimea, isagwe, itiwe maji ya moto yenye kiwango cha joto kinachogeuza wanga kuwa sukari, ichujwe, ichemshwe pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, ipozwe, ndipo itiwe hamira. Tena ni katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia wa mjini Copenhagen, ambako mwaka 1909 Søren Sørensen alibuni kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi, na watengenezaji wa mvinyo hukitumia kipimo hicho hicho wanapoamua siku ya kuvuna zabibu zao. Jirani yangu hakuyajua hayo. Mimi pia sikuyajua, vinginevyo ningeinywa bia yangu.

Baada ya aibu ile ya kifuniko niliapa kwamba sitachekwa tena, na kwa takriban miaka miwili niliiacha bia kabisa. Nilinunua glasi zenye miguu mirefu, nikakariri majina ya mashamba ya Ufaransa na miaka ya mavuno, nikajifunza kuuzungusha mvinyo ndani ya glasi na kuutazama ukiteremka ukutani kama machozi, jambo ambalo kwa kweli huonyesha kilevi zaidi kuliko ubora. Nikaanza kuzungumza habari za kina, umbo na mwisho mrefu. Siku shemeji yangu alipokuja na mvinyo wa boksi, ule wenye kibomba cha plastiki, niliupokea kwa ncha za vidole na kuuhifadhi jikoni, nyuma ya ndoo, ili wageni wengine wasiuone. Shemeji aliona. Mke wangu aliona pia, na yeye si mtu wa kugomba. Ni mtu wa kungoja.

Jumapili moja aliniketisha mezani mbele ya glasi tano zilizobandikwa vipande vya karatasi vyenye herufi A hadi E, akanipa daftari, akasema, "Andika kwanza, mwenzangu, chupa nitakuonyesha baadaye." Daftari hilo ninalo hadi leo. Kuhusu glasi A niliandika: "Mwepesi, hauna la kusema." Kuhusu glasi D niliandika: "Una kina, matunda meusi, harufu ya mbali ya tumbaku. Huu umetunzwa." Glasi zote mbili zilikuwa zimejazwa kutoka kwenye lile boksi la shemeji. Chupa niliyokuwa nimeiweka akiba kwa ajili ya siku kubwa ilikuwa glasi B, nami nilikuwa nimeipa nafasi ya nne.

Nilipoanza kusoma kuhusu jambo hilo, nilifarijika kidogo kuona kwamba nimeanguka pamoja na watu wenye vyeti. Robert Hodgson, mtengenezaji mdogo wa mvinyo wa California, aliyechoshwa na kuona mvinyo wake ukipata nishani katika shindano moja na kukosa kabisa katika jingine, aliwashawishi waandaaji wa shindano la maonyesho ya jimbo hilo wampe nafasi ya kuwapima majaji wenyewe. Majaji waliletewa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile, bila kuambiwa, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 ni takriban jaji mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kutoa alama zinazokaribiana. Huko Bordeaux, Ufaransa, nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba kwa hiyo wapenda mvinyo ni waongo. Utafiti mwingine wa mwaka 2008, uliofanywa Marekani, uliwapa watu mvinyo uleule mara mbili, kila mara ukitajiwa bei tofauti, huku ubongo wao ukitazamwa kwa mashine, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi bei ilipotajwa kuwa kubwa. Maana yake ni kwamba anayeusifu mvinyo wa bei hakudanganyi. Anaufurahia kweli, ila sehemu ya furaha hiyo imetoka kwenye karatasi. Ndiyo maana Rudy Kurniawan, aliyehukumiwa miaka 10 gerezani mjini New York mwaka 2014, aliweza kuwauzia matajiri mvinyo aliouchanganya mwenyewe nyumbani na kuubandika lebo za kale. Waliodanganyika walikuwa watu waliobobea katika majina makubwa. Na kilichomponza zaidi kilikuwa hesabu ya miaka: mtengenezaji mmoja wa mvinyo wa Burgundy, Ufaransa, Laurent Ponsot, aligundua kwamba kunapigwa mnada mvinyo uliobandikwa jina la nyumba yake, jina la shamba fulani na mwaka 1945, ilhali familia yake ilianza kuutengeneza mvinyo wa shamba lile katika miaka ya 1980.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote, ni kuificha chupa. Zifunge chupa tatu kwa gazeti, za bei tofauti, mwombe mtu mwingine amimine, na uandike neno lako kabla ya kusikia la jirani. Tumia maneno ya maisha yako: ukikumbuka chai iliyokaa na majani muda mrefu hadi ikatia ukakasi ulimini, andika hivyo, maana ukakasi ule ndio huohuo unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Fanya vivyo hivyo kwa bia, nawe utashangaa jinsi kimea kilichokaangwa kinavyoweza kukupa harufu ya kahawa bila punje moja ya kahawa kutiwa ndani.

Pili, usiogope kuupoza mvinyo mwekundu. Ile kanuni ya kuunywa kwa joto la chumba ilitoka katika nyumba za zamani zilizokuwa na baridi, na maana yake ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ikiwa chumba chako kina joto zaidi ya hapo, iweke chupa kwenye friji kwa nusu saa na umwache anayeguna agune.

Wanywaji wa bia nao wasicheke mapema, kwa maana siku hizi wapo wanaonusa hopsi kwa madaha yaleyale na kumtazama mnywaji wa bia ya kawaida kama mtu aliyepotea. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliiona chupa ya kijani kuwa na heshima kuliko ya kahawia, kumbe chupa ya kahawia ndiyo inayoikinga bia vizuri na mwanga, na bia iliyopigwa na mwanga hutoa harufu mbaya inayofanana na ya kicheche. Na asiwepo wa kujiona msafi kwa sababu ya glasi aliyoishika: bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina kilevi cha mililita 16.5, na glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina mililita 19.5. Ini halisomi lebo.

Limebaki lile tambiko la kuonja, ambalo ndilo huwatisha wengi. Mhudumu anapokumiminia kiasi kidogo na kusimama akingoja, hakuulizi kama umeupenda, wala hakufanyii mtihani. Anakuuliza kama chupa imeharibika. Vizibo vya gome wakati mwingine hubeba kemikali inayoupa mvinyo harufu ya boksi lililolowa maji, na huhitaji cheti ili kuitambua. Nusa, na ikiwa hakuna harufu hiyo, sema "sawa" na mambo yaendelee.

Mwaka jana nilikuwa kwenye meza nyingine ya namna ileile. Mwenyeji alionja, akafumba macho, akasema mvinyo ni wa ajabu, na glasi zikajazwa, na kila mmoja akaongeza sifa yake. Niliponusa yangu nilisikia harufu ya boksi la katoni lililonyeshewa. Nilinusa tena kwa uhakika, kisha nikamwita mhudumu kando na kumwomba anuse. Alinusa mara moja tu, akaomba radhi, akazikusanya glasi zote pamoja na chupa bila ubishi. Meza ilinyamaza kidogo. Mwenyeji, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, alikohoa na kuniuliza ningependa kuchagua chupa gani badala ya ile, nami nikamwambia wao wachague wanayoitaka, kwa upande wangu nitashukuru nikipata bia.