Anza na paa dada, sakafu itangoja
Pole na kuhama dada. Umetoka Tanga na joto lake, saa hii uko Kabale, Uganda, karibu mita 2,000 juu ya bahari, nyumba ya zamani ya fito na udongo, unauliza uanze na sakafu au paa kabla mvua za Septemba. Paa, tena wiki hii. Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga mlango na madirisha utazame juu, popote unapoona kamwanga kama nyota ndo maji yatapita hapo, mara nyingi msumari umelegea na raba yake imeisha, badilisha. Kisha chimba mtaro upande wa mlimani maji yasilale kwenye msingi.

Fundi akitaka kupiga plasta ya simenti juu ya udongo kataa kabisa, inafungia unyevu ndani halafu inabanduka vipande vipande, kwetu ukuta mzima ulianguka hivyo. Ziba ukuta na udongo uliochanganywa mchanga.

Kuni nunua sasa zikiwa kavu. Na nakuomba sana, usilale na sigiri ya mkaa chumbani hata baridi izidi vipi, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi.