Kabla hujampa mtu jina la mgahawa wako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Mwanza mwenye mgahawa wa vyakula vya Pwani. Anasema mchana wateja husubiri meza, wali wa nazi huisha kabla ya saa tisa, na sasa amejitokeza mfanyabiashara mwenye fedha anayetaka kutumia jina la mgahawa huo kufungua tawi Shinyanga na kumlipa mrabaha kila mwezi. Anauliza: "Dada, nimpe jina au nisimpe?" Nimeamua kumjibu hapa kwa sababu wako wengi wenye ndoto kama yake, ya kuona chakula cha kwao kikiliwa katika miji ambayo bibi zao hawakuwahi kufika, na kwa sababu swali lenyewe linanigusa mahali ambapo bado panauma.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mgahawa wetu ulianzia Dar es Salaam, majiko ya mkaa yakiwa uani na meza chache barazani, tukiuza vitumbua na mbaazi za nazi asubuhi, na mchana samaki wa kupaka, mchicha wa nazi na wali. Miaka ya mwanzo sitaisimulia, kwani kila mwenye mgahawa anaijua: mikopo, kodi ya pango, leseni, maofisa wa afya. Leo tuna matawi Morogoro, Dodoma na Arusha, na nasema kwa fahari kwamba mtu wa Tanga akila kwetu Arusha haoni tofauti na cha nyumbani. Tumefika hapo kwa sababu tulikataa kulitoa jina mpaka tulipokuwa na uhakika kwamba ladha nayo inaweza kusafiri.

Na ladha ya Pwani haisafiri kirahisi, kwa kuwa imo mkononi mwa mpishi. Shangazi yangu, aliyetufundisha sote, hakuwahi kupima kitu maishani mwake. Tulipoanza kufikiria tawi la pili tulimwekea mizani mezani, na kila alichokichota tukakipima kabla hakijaingia sufuriani: tangawizi, kitunguu saumu, bizari, ukwaju, hata chumvi. Aliudhika, akatuuliza kama tunapika au tunauza dhahabu, lakini daftari lililotokana na siku zile ndilo linalotulisha hadi leo. Hapo ndipo tulipoacha kuhesabu nazi. Ukimwambia mpishi wa Dodoma atie nazi mbili kwa kilo ya mchele, atatia mbili alizozipata sokoni, ndogo na zilizokauka njiani, na wali wake hautafanana na uliopikwa kwa nazi mbichi za Pangani. Sasa tunapima uzito wa nazi iliyokwisha kukunwa na kiasi cha maji ya kukamulia, na tui zito la kwanza hutengwa ili litiwe mwishoni.

Arusha ilitufundisha jambo jingine. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi za Arusha ziko chini sana ya hapo. Tui lililokamuliwa usiku lilikutwa alfajiri limefanya tabaka gumu juu; vijana wapya jikoni wakadhani limeharibika, wakaliengua tabaka lile na kulimwaga, na pamoja nalo wakamwaga utamu wote. Tangu hapo kule hukamuliwa asubuhi kwa maji ya uvuguvugu, kisha mtu mmoja husimama juu ya sufuria akikoroga bila kuliacha mpaka lichemke, lisije likakatika. Mambo ya namna hii hayaandikwi kwenye mkataba wowote, wala mwenye fedha hayajui.

Kilichobaki, yaani mchanganyiko wa bizari, tunakikaanga na kukisaga mahali pamoja, Dar es Salaam, na kila tawi linanunua kutoka kwetu. Utaratibu huu si uvumbuzi wetu. Mmarekani Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, alipompa mwenye mgahawa Pete Harman ruhusa ya kuuza kuku wake mwaka 1952, mgahawa wa kwanza kubeba jina la Kentucky Fried Chicken ulikuwa Utah, mbali sana na Kentucky kwenyewe, na waliofuata walinunua viungo vilivyokwisha kuchanganywa na kumlipa senti kadhaa kwa kila kuku. Mwaka 1964 aliiuza kampuni kwa dola milioni 2, na baadaye mzee yule akawa analalamika hadharani kwamba mchuzi wake umeharibiwa. Sikiliza hilo, mdogo wangu: alikuwa na fedha na sura yake ilibaki kwenye mabango, lakini sufuria haikuwa yake tena.

Bizari ndiyo iliyonifumbua macho Dodoma. Serikali ilipohamia kule, mji ulijaa watumishi waliokulia Dar es Salaam na Tanga, na mtu tuliyemwamini aliomba kufungua tawi kwa mtaji wake. Tulimfundishia wapishi, tukampa vipimo, tukamkabidhi jina kwa mkataba. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Kisha nikaanza kuona kwamba mauzo kwenye risiti zake za EFD, mashine ya kodi, yanapanda huku mifuko ya bizari anayoagiza ikipungua. Nilipanda basi bila kumwarifu. Nilikuta samaki amepakwa rojo jeupe la unga wa nazi wa pakiti lililotiwa rangi kwa manjano, na mezani karibu nami mama mmoja anamwambia mwenzake kwamba watu wa Tanga siku hizi wamesahau kupika. Sitalisahau neno lile. Alikuwa anamsema shangazi yangu bila kumjua.

Tulivunja mkataba, naye akaendelea na biashara palepale, kwa wapishi tuliowafundisha sisi, chini ya kibao kilichofanana na chetu rangi na maandishi. Kilichotuokoa ni kwamba alama yetu ya biashara ilikuwa imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa hiyo kibao alilazimika kukishusha. Hata hivyo wako wanaoamini mpaka leo kwamba ile ni nyumba yetu. Fanya usajili huo kabla hujazungumza na mtu yeyote. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na hauvuki bahari: Zanzibar wana wakala wao wa usajili, BPRA. Tanzania Bara haina sheria mahususi inayosimamia biashara ya kukodisha jina kwa namna hii, kwa hiyo usilolitia kwenye mkataba halitakulinda. Andika haki yako ya kuingia jikoni wakati wowote bila taarifa, na uandike kwamba bizari itanunuliwa kwako peke yako, kwani mifuko anayoagiza itakueleza mauzo yake kabla mhasibu hajakueleza.

Tuwe wakali juu ya chakula cha kwetu. Tunakubali haraka mno kwamba mpishi yeyote atafaa, kwamba unga wa pakiti unatosha, kwamba mteja wa bara hajui. Mteja anajua. Na asipojua leo, atajifunza kutoka kwako kwamba samaki wa kupaka ni chakula hafifu, na hatarudi kukuuliza kama alikosea.

Kwa hiyo mdogo wangu, usimkatalie huyo bwana wa Shinyanga, bali usimpe jina mwaka huu. Mwambie achague wapishi wake wawili, uwaweke jikoni kwako kwa mishahara yake mpaka waweze kupika mchana mzima bila wewe kuonja. Samaki awe sato wa ziwani, usihangaike kusafirisha samaki aina ya changu kwa barafu kutoka Pwani. Sato anakubali kupakwa akichomwa mzima na mkaa wake ukiwa wa wastani. Katika muda huo sajili alama yako na utafute mwanasheria anayejua biashara. Akikubali kungoja, niandikie tena nikutumie vipengele vya mkataba tunaotumia sasa. Akisema hana muda wa kufundisha wapishi, mshukuru kwa heshima na uendelee kuhudumia wanaosubiri meza.