Vol. 1, Volume 2 au namba tupu?

Mkuu, umeuliza uandike vipi namba za mfululizo wa albamu za muziki uitwao Zanzibara, maana kwenye simu yako moja ni "Vol. 1", nyingine "Volume 2", na ya 10 imejipanga mbele ya 2.

Mimi ningeanza na jalada. Buda Musique ya Ufaransa waliotoa mfululizo huo huandika jina na namba tu, kwa hiyo hakuna haja ya kubandika "Vol." ambayo wenyewe hawakuiweka. Jina, namba, nukta mbili, kisha kichwa kidogo: "Zanzibara 4: ..." Albamu nyingine zenye "Vol." jaladani, iache, ila mfululizo mmoja usiwe na sura tatu. Namba za Kirumi ndiyo kero kabisa: IX inatangulia V kwenye mpangilio wa alfabeti!

Hiyo 10 kuruka foleni inatokea kwa sababu programu nyingi husoma tarakimu moja moja, na 1 iko kabla ya 2. Kwenye majina ya mafaili andika 01, 02, hadi 10. Kichwa cha albamu chenyewe usikiguse. Na sehemu ya "diski" kwenye taarifa za faili la muziki usiijaze namba ya mfululizo. Ile ni ya albamu moja yenye sidii kadhaa.