Waite wanane, uwaketishe kwenye sinia

Dada yangu, umeuliza utawakusanyaje watu hapo Tanga wajuane kweli, si kugawana kadi za biashara na kuondoka. Waite wanane tu, uwachague mwenyewe: seremala, mwalimu, muuguzi, mtu wa bandarini. Wakiwa wa kazi moja wataongea kazi.

Ukumbi wa hoteli achana nao. Tandika mikeka barazani kwako baada ya alasiri, upakue pilau kwenye masinia mawili, wanne wanne. Mwanasaikolojia Mwingereza Robin Dunbar na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba wakizidi wanne hivi, mazungumzo hugawanyika. (Wasiopenda kuchanganyika wanawake na wanaume, waulize mapema.) Na sinia lina adabu yake: mtu anakusogezea mnofu kabla hajajua unafanya kazi gani. Mimi niliwahi kulia mbele ya mtu niliyemjua kwa saa moja, kwa kuwa alinisogezea mnofu akaniuliza mama anaendeleaje.

Vyeo vibaki mlangoni na viatu. Kila mtu ajitambulishe kwa mtaa aliokulia. Kahawa na kashata zije mwisho, ukiona kuna anayetaka kuaga.