Maswali ya Wasomaji: Ubora wa kipa Carey Price uko wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, jamaa zangu walioko Kanada hawachoki kumsifu Carey Price, aliyekuwa kipa wa hoki ya barafuni wa Montreal Canadiens. Mimi nikitazama video zake za zamani naona mtu aliyesimama tu. Wanasifu nini? Na je, ni kweli aliacha mchezo kwa sababu ya ulevi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Huko kusimama ndiko ubora wenyewe. Goli la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Kisahani, kipande kigumu cha mpira kinachochezewa, kina uzito wa gramu 170 hivi, na shuti kali hupita kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo kipa anayengoja kukiona ndipo aruke ameshachelewa. Price alifika mahali pake kabla ya shuti: anajisukuma kwa mguu mmoja, anasimama kabisa, kifua kikielekea kisahani na si mwili wa mpigaji, maana gongo la kupigia huwa pembeni mwa mwili. Ndipo anangoja. Akishuka magoti, miguu hutanuka kulia na kushoto, pedi za miguuni zikaziba chini yote.

Makipa wengi huharibu hapo. Hushuka mapema, na mpigaji mwenye subira akakiinua kisahani juu ya bega. Wengine hutoka mbele mno ili kupunguza pembe, kisha pasi moja ya kukata uwanja ikaacha goli wazi.

Ukirudia video hizo, usifuate kisahani. Tazama miguu ya Price sekunde moja kabla ya shuti, halafu angalia kisahani kimeishia wapi: ndani ya glavu, au kimesukumwa kona. Kipa anayekitema katikati anajiitia shuti la pili.

Tarakimu nazo zinasema. Msimu wa 2014–15 alishinda mechi 44 na kuokoa asilimia 93.3 ya mashuti, wakati wastani wa NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, ulikuwa karibu 91.5. Usiudharau mwanya huo: kwa kila mashuti 1,000 ni mabao 18 hivi. Akazoa Vezina ya kipa bora na Hart ya mchezaji bora wa ligi, tuzo ambayo makipa huipata kwa nadra. Mapema mwaka 2014, kwenye Olimpiki ya Sochi, Urusi, Kanada ilichukua dhahabu bila yeye kufungwa bao katika nusu fainali wala fainali.

Kuhusu tabia yake, anza na Anahim Lake, kijiji cha British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, alikokulia. Mama yake, Lynda, amewahi kuwa chifu wa Ulkatcho, jamii ya wenyeji asilia. Baba yake, Jerry, naye alikuwa kipa, na alimpeleka kwa ndege ndogo zaidi ya kilomita 300 hadi Williams Lake kufanya mazoezi. Alipopokea tuzo zake mwaka 2015, Price aliwahimiza vijana wa jamii za wenyeji asilia wajivunie asili yao. Hakuwa msemaji sana, ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito.

Sasa ulevi. Hapana, kilichomtoa uwanjani ni goti. Alifanyiwa upasuaji Julai 2021, baada ya fainali ya ligi waliyofungwa na timu ya Tampa Bay, na halikupona vya kutosha. Oktoba mwaka huohuo aliingia katika mpango wa kuwasaidia wachezaji wenye matatizo ya afya ya akili au vilevi, unaoendeshwa kwa pamoja na ligi na chama cha wachezaji tangu 1996. Mpango huo ni wa siri. Mchezaji anayejipeleka mara ya kwanza haadhibiwi wala hakatwi mshahara. Price angeweza kunyamaza na asingedaiwa maelezo. Novemba aliandika mwenyewe kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa gizani, hakuwa na nyenzo za kukabiliana nalo, na ametibiwa kwa matumizi ya vilevi akiwa amelazwa kituoni. Hakumlaumu kocha wala mashabiki wa Montreal, ambao kwa kipa si watu wepesi.

Alirudi golini Aprili 2022 akacheza mechi 5, ya mwisho dhidi ya timu ya Florida tarehe 29, ushindi wa 10–2. Ulikuwa wa 361 kwake, rekodi ya klabu, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya Bill Masterton, inayotolewa kwa uvumilivu na moyo wa kimichezo.