Gereji ya Wasomaji: 109 ya jeshi, betri mbili na kifimbo cha njano

Mwezi huu meseji zimejaa Land Rover za zamani za jeshi tu, sijui kuna mnada umepita wapi, basi tuzimalize leo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kuna hela ya mtu inataka kutoka.

Shikamoo Fundi. Nimepata Land Rover 109 Series III (109 ni inchi toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Series III ni toleo la tatu), dalali anasema imetoka jeshini. Bodi imenyooka, haina kutu hata chembe, rangi mpya, injini ya petroli inawaka. Anataka nilipe wiki hii maana kuna mteja mwingine. Nataka niifufue taratibu. Nitajuaje kama kweli ni ya jeshi, na niangalie nini? (Mpenda Chuma, Morogoro)

Marahaba kijana. Huyo mteja mwingine mwache alipe yeye, yupo kwenye kila gari tangu nianze kazi hii na sijawahi kumuona sura.

Sasa hapo kwenye "haina kutu" ndo ulipotegwa, na dalali wala hajadanganya. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki ile kutu nyekundu unayoijua. Baada ya vita ya pili Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya vita shambani kwake Anglesey, akaona na wao wanaweza kutengeneza ya kwao, gari ikaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948 ikiwa imevaa aluminiamu kwa sababu hiyo ndo ilikuwa inapatikana. Ila chini waliacha chuma. Chasisi ni mabati yamechomelewa yakawa boksi, katikati tupu, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako nao ni chuma. Tope linaingia humo halitoki, linakaa na unyevu wake miaka, linakula kutoka ndani kuja nje. Ndo unakuta gari ina bodi ya bwana harusi na miguu ya marehemu.

Mimi yalinikuta. Nilinunua 88 fupi, chini imepakwa lami nyeusi inang'aa, nikajisemea mwenyewe alikuwa mtunzaji huyu. Nimefika nayo nyumbani nimelala chini nagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi, mbele inaita ngli ngli vizuri kabisa, nasogea nyuma pale springi inaposhika, ikaita pu. Kama umegonga ndoo ya uji. Nikageuza ncha nikasukuma kidogo tu, bisibisi ikazama yote, navuta inatoka na vipande vya gazeti. Gazeti jamani! Mtu kajaza magazeti, kapiga fila, kapaka lami juu. Na hela nishatoa.

Kwa hiyo wewe nenda na bisibisi kubwa, tochi na turubai la kulalia, ukiona mwenye gari anakuzuia kugonga basi umeshajibiwa, rudi nyumbani. Gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, gonga zinaposhika springi zote, halafu inua mazulia uangalie ule ukuta chini kwenye kona, pale miguu inapokaa. Kona zikioza si mwisho wa dunia, zinakatwa na kuchomelewa bati jipya. Chasisi ikioza sehemu tatu nne unatafuta chasisi nyingine na hapo bajeti yako imekufa.

Kuhusu jeshi: rangi ya kijani sio ushahidi, rangi inauzwa dukani. Angalia kama kuna matangi mawili ya mafuta, moja chini ya kila kiti cha mbele. Angalia nyuma kama kuna ndoano kubwa ya kuvutia trela, na vishikio vya koleo na sururu. Halafu chungulia uvunguni nyuma, gari nyingi za jeshi la Uingereza zilikuwa na kataa kadogo kanamulika difu (lile donge la gia katikati ya ekseli), na difu imepakwa rangi nyeupe. Usiku msafara unazima taa zote, dereva anafuata lile doa jeupe la gari la mbele. Kale kataa dalali hakajui, kwa hiyo hata kukabandika hawezi.

Injini isikupe presha. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni ya kikulima, kabureta moja, silinda nne, fundi yeyote mtu mzima anaijua. Zilizotengenezwa kuanzia 1980 kranki yake (shafti inayozungushwa na pistoni) imeshikwa na beringi tano badala ya tatu, ukiipata hiyo umebahatika. Iache iwake mpaka ipate moto kabisa, ndo uangalie presha ya oili na moshi, maana wakati wa baridi kila injini ni nzima. Nyuma ya tairi za mbele kuna yale mapira ya chuma yanayozunguka ukikata kona, pitisha kidole, kama yana vishimo vishimo oili itavuja kila siku hata ubadilishe sili mara kumi.

Halafu karatasi. Gari ya mnada inatakiwa ije na risiti ya mnada na kadi, na namba ya kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi, sugua na brashi ya waya utaiona. Nenda TRA (mamlaka ya mapato) uulizie hiyo namba KABLA hujalipa. Sio baada. Kuna watu wana Land Rover nzuri sana zimegeuka mabanda ya kuku kwa sababu ya kadi.

Ukishainunua usianze na rangi, naomba sana. Anza chasisi, breki, usukani, springi, kisha injini, rangi ndo ya mwisho kabisa. Kila nati unayofungua weka kwenye mfuko andika imetoka wapi na piga picha, kichwa kinasahau. Ukifungua dramu za breki usipulize lile vumbi na kompresa, breki shuu za zamani zilikuwa na asbestosi, lowesha na maji ufute kwa kitambaa. Na ukirudishia bodi weka raba au rangi nzito kati ya aluminiamu na chuma, vikigusana vikiwa na maji vinakulana.

Sasa Fundi. Niko na 109 ya zamani ya jeshi, ya volti 24. Mekanika ananiambia nitoe hiyo stima yote niweke ya 12. Mimi hutoa waya kwa betri moja nawasha redio na taa, sasa betri zinakufa kila mara. Nifanye nini? (Msomaji, Nanyuki)

Salama kaka. Betri unaziua wewe mwenyewe. Hizo ni betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, alternata inazichaji pamoja kama kitu kimoja, sasa ukinyonya moja peke yake hiyo inashinda na njaa na mwenzake anajazwa kupita kiasi, mwisho zinakufa zote. Nunua konveta ya kushusha 24 kuwa 12, zile za malori, redio yako ile hapo. Na usikubali mtu akustue na pikapu yake ya volti 12 kwa kuunga kwenye betri zote mbili, utaunguza kitu.

Hilo la kubadilisha, mekanika wako ana hoja ila asikuharakishe. Volti 24 iliwekwa kwa ajili ya redio za mawasiliano, na ndo maana distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) na waya za plagi zimefunikwa chuma, moto wa plagi usipige kelele kwenye redio. Vifaa hivyo ni imara, maji hayaingii kirahisi, ila vikifa kuvipata ni shughuli na bei yake utakaa chini. Ukihamia 12 unabadilisha stata, alternata, koili, distribyuta, plagi na waya zake, mota ya waipa, saa za dashbodi na kila balbu, sio betri tu. Mimi kama vya jeshi bado vinafanya kazi ningeviacha. Vikifa vikubwa viwili kwa pamoja hapo ndo ningehamia, na vya zamani ningevitunza kwenye sanduku, siku ukiuza mnunuzi mwenye akili atavitaka.

Fundi habari. Series III yangu nilibonyeza kifimbo cha njano siku ya matope, sasa kimegoma kupanda na usukani umekuwa mzito lami nzima. Giaboksi imekufa? (Dereva mpya, Iringa)

Haijafa, imefungamana. Ukibonyeza cha njano unaunga mbele na nyuma, na gari hii haina difu ya katikati ya kuziachia mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti, kwa hiyo kwenye lami kavu ukikata kona mbele wanataka mwendo wao na nyuma wao, wanabanana. Kwenye matope tairi zinateleza mbano unaisha, kwenye lami hauendi popote. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, vuta kile kifimbo chekundu cha gia nzito na nyepesi nyuma mpaka mwisho halafu kirudishe mbele, cha njano kinatakiwa kiruke chenyewe. Kikigoma rudi rivasi mita kama kumi umenyoosha usukani, au piga jeki tairi moja la mbele mpaka liachie ardhi, utasikia "tang" chini, usishtuke. Kisha rudia.

Kaka Fundi, marehemu baba aliacha Land Rover ya mnada, nataka niirudishie rangi ya mabaka na namba nyeupe za jeshi kama zamani. Ubaya uko wapi? (Binti Mzigua, Tanga)

Pole kwa msiba dada. Mabaka na namba achana nazo, utasimamishwa kila kituo na kuna siku utaulizwa maswali ukiwa umekalia benchi. Paka kijani kimoja cha kawaida au rangi ya mchanga, kadi iandikwe rangi hiyo hiyo. Kale kataa ka uvunguni na difu yake nyeupe viache kama baba alivyoviacha, huko chini trafiki hachungulii.