Jibu: Kwa nini homurani 73 za Bonds hazijafutwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini rekodi ya mchezaji wa besiboli wa Marekani, Barry Bonds, ya homurani 73 (mipigo inayovusha mpira nje ya uzio) mwaka 2001 bado ipo vitabuni, ilhali anatuhumiwa kutumia steroidi, dawa za kuongeza nguvu. Ligi ilikataza steroidi kwa waraka wa 1991, ila msimu ule wachezaji hawakuwa wakipimwa. Adhabu kwa wanaokutwa nazo zilianza 2004. Kisha ukifuta homurani, zile pointi na mechi zilizoamuliwa nazo utazipeleka wapi?

Steroidi hazimfundishi mtu kuusoma mpira. Zinajenga misuli na kuharakisha kupona, kwa hiyo mpira ambao ungedakwa hatua mbili kabla ya uzio unavuka. Hapo ndipo mrusha mpira asiyetumia dawa anapodhulumiwa. Mark McGwire, mwenye homurani 70 za 1998, alikiri mwenyewe mwaka 2010 kwamba alizitumia steroidi. Kwangu, homurani 62 za Aaron Judge (2022), enzi ambayo wachezaji wanapimwa, zina uzito zaidi.